Mwaka Juu ya Chupa: Habari za Divai Nyekundu ya Bordeaux kwa Mnunuzi wa Kadiri

Katika mji wa Bordeaux, ulio kusini-magharibi ya Ufaransa kando ya mto Garonne, mfanyabiashara wa divai akiulizwa habari za chupa hutaja mambo mawili kabla ya mengine yote, yaani mahali ilikotoka na mwaka zilipochumwa zabibu zake. Na wanunuzi wameizoea ada hii hata wengi wao hudhani kuwa ni ya kale kama mizabibu yenyewe. Sivyo ilivyo. Kwa karne nyingi za biashara ile hapakuwa na mwaka wenye heshima isipokuwa huu wa sasa. Na miaka mingine ilipoanza kuheshimiwa, ilikuwa heshima ya divai ya matajiri, ilhali divai ya mtu wa kadiri iliwafikia wanywaji wake bila ya kutajiwa umri. Nakusudia kueleza jinsi divai hii ya bei nafuu ilivyojipatia mwaka wake, kwa kuwa naona ndiyo inayouhitaji zaidi, ingawa vitabu vingi juu ya jambo hili huandikwa kwa ajili ya wale wawezao kununua chochote. Msomaji asiyetia kileo kinywani, na katika pwani yetu hao ni wengi kwa amri ya dini yao, hana haja ya kuufunga ukurasa: habari zenyewe ni za mvua, jalidi, madalali na bei, na kuzisoma hakumharamishii mtu kitu.

Mwaka 1152 Aliénor, mrithi wa milki ya Aquitaine iliyokuwa na Bordeaux ndani yake, aliolewa na Henry Plantagenet, ambaye miaka miwili baadaye alitawazwa kuwa mfalme wa Uingereza. Na kwa ndoa ile Bordeaux ikawa chini ya taji la Waingereza muda wa miaka mia tatu, hata jemadari wao John Talbot alipouawa katika vita vya Castillon mwezi wa Julai 1453. Katika karne hizo, kila mwaka majani yalipoanza kupukutika, misafara ya merikebu ilitweka tanga kutoka Bordeaux ikiwa imepakia mapipa ya divai iliyokamuliwa majuma machache tu yaliyopita, ili ifike bandari za Uingereza kabla ya sikukuu ya Noeli. Haraka ile ilikuwa na sababu. Divai ilikaa katika mapipa ya mti, na kila pipa lililopungua lilijaa hewa mahali pa divai, na hewa ndiyo igeuzayo divai kuwa siki. Basi divai ya msimu uliopita, ikisha kupitiwa na miezi ya joto, ilikuwa imekwisha kuchacha, na siku merikebu za divai mpya zilipotia nanga, bei ya ile kuukuu ilianguka. Mnunuzi wa zama zile alilinganisha miaka kwa kanuni moja, kwamba mpya ni bora kuliko ya zamani. Na lau angalimsikia mtu akijifaharisha kuwa anayo ghalani divai ya miaka kumi, angalimwonea huruma.

Yaliyoipindua kanuni hiyo yalikuwa mambo madogo ya kazi za mikono: kibiriti, kioo na gome la mti. Waholanzi, walioshika biashara ya bahari katika karne ya 17, walieneza Bordeaux ada ya kuchoma utambi wa kibiriti ndani ya pipa tupu kabla ya kulijaza, na moshi wake ukaihifadhi divai isiharibike. Na mafundi wa Kiholanzi ndio waliosimamia ukaushaji wa mabwawa ya Médoc, ile rasi iliyo baina ya bahari na hori ya Gironde, ambayo miinuko yake ya changarawe ilikuja kupandwa mizabibu iliyotukuka kuliko yote. Waingereza nao, waliokuwa wakiyeyusha kioo kwa moto wa makaa ya mawe, walipata chupa nene zisizovunjika upesi. Na chupa hizo zilipozibwa kwa kizibo cha gome la mwaloni, na umbo lake, lililokuwa na kitumbo kama cha kibuyu, liliponyoshwa katika karne ya 18 hata likaweza kulazwa ubavu, divai ilipata makao yasiyopitisha hewa ila chembe. Hapo ndipo watu walipogundua jambo ambalo wazee wao hawakupata nafasi ya kuliona: divai yenye ukakasi mwingi, ambayo ikiwa changa huukaza ulimi na ufizi, ikilazwa gizani miaka kadhaa hutulia, mashapo yake hushuka, na harufu nyingine kabisa huzuka ndani yake. Wala divai za miaka yote hazikutulia sawasawa. Nyingine zilinyauka tu zikawa maji makali.

Mwaka 1663 Samuel Pepys, karani wa jeshi la majini la Uingereza, aliandika katika kumbukumbu zake za kila siku kwamba amekunywa divai ya Kifaransa aliyoiita Ho Bryan, yaani Haut-Brion, shamba la jamaa ya Pontac. Akaisifu ladha yake, akataja jina la shamba, asitaje mwaka. Thomas Jefferson, mjumbe wa Marekani katika Ufaransa, alipozuru Bordeaux mwaka 1787, hakutosheka na jina: aliyaandika mashamba manne ya daraja ya kwanza, naye alipoagiza divai aliitaka ya 1784. Baina ya mtu huyu na yule imepita kidogo zaidi ya karne moja, na katika muda huo mwaka ulikuwa umeingia katika mazungumzo ya watu wenye mali.

Walioutunza mwaka huo kwa maandishi walikuwa madalali. Dalali wa Bordeaux hakununua wala hakuuza kwa mali yake. Alikaa kati ya mwenye shamba na mwenye ghala, akaonja, akasuluhisha bei, akachukua ujira wake mdogo kwa kila mia, na kwa kuwa riziki yake ilitegemea kumbukumbu, aliandika kila kitu. Mmoja wa mashuhuri alikuwa Abraham Lawton, mzaliwa wa Cork katika Ireland, aliyeingia Bordeaux katika karne ya 18, na kizazi chake kikairithi kazi hiyo. Madaftari ya jamaa hii yameweka hali ya hewa, wingi wa mavuno na bei za mashamba, msimu baada ya msimu, na Guillaume Lawton mwaka 1815 alikwisha kuyapanga mashamba kwa madaraja, miaka 40 kabla ya serikali kuomba jambo kama hilo. Kwangu mimi madaftari ya madalali yana thamani kuliko sifa zote zilizoandikwa na waonjaji wa siku zetu, kwa sababu mwonjaji akikosea hapotezi kitu, na dalali akikosea mara tatu hakosi kupoteza wateja.

Mwaka 1855 Napoléon III, mtawala wa Ufaransa, alipoandaa maonyesho makubwa mjini Paris, Baraza la Wafanyabiashara la Bordeaux liliwataka madalali orodha ya divai bora, nao wakaitoa tarehe 18 Aprili, wakitegemea bei walizokuwa wameziandika kwa miaka mingi. Mashamba ya divai nyekundu yaliwekwa katika madaraja matano. Leo yahesabiwa 61, yote ya Médoc isipokuwa Haut-Brion. Na tangu siku ile hadi sasa badiliko kubwa ni moja tu, shamba la Mouton Rothschild kupandishwa daraja ya kwanza mwaka 1973. Orodha hiyo imeandikwa habari zake hata kupita kiasi, nami naipita haraka, ila nitasema kwamba ilikata shauri la mahali mara moja na kuliacha shauri la mwaka wazi, na kwamba maelfu ya wakulima wa mkoa wa Gironde walibaki nje yake, pamoja na wanywaji wao.

Ama divai ya wanywaji wengi wa Ufaransa nzima ilitoka kwingine, katika nyanda za Languedoc, pande za Béziers, Narbonne na Montpellier, ambako reli iliyojengwa katikati ya karne ya 19 iliichukua kwa shehena hadi Paris na kwenye migodi ya kaskazini. Huko hapakuwa na mtu aliyeuliza mwaka. Divai ilipimwa nguvu ya kileo chake, ikauzwa kwa nyuzi na kwa hektolita, kisha mwenye ghala akachanganya ya msimu huu na ya msimu jana, ya bondeni na ya mlimani, na iliyokuwa dhaifu akaitia nguvu kwa divai nzito. Kisha akaja yule mdudu wa mizizi aitwaye filoksera, aliyeonekana kwanza katika wilaya ya Gard mwaka 1863, akaila mizabibu ya Ufaransa karibu yote, hata watu walipojua kuipandikiza juu ya mashina ya Kimarekani ambayo mdudu huyo hayawezi. Na katika miaka ya uhaba wafanyabiashara wakazoea kutengeneza divai kwa sukari na zabibu kavu, wasiiache hila hiyo hata mizabibu ilipozaa tena. Bei zikaporomoka. Mwaka 1907 Marcelin Albert, mkulima na mwenye mkahawa katika kijiji cha Argeliers, aliongoza uasi wa wakulima uliowakusanya watu mamia ya maelfu mjini Montpellier, na askari wa kikosi cha 17 wakakataa amri za wakubwa wao kwa ajili yake. Sheria ya tarehe 29 Juni mwaka ule ikaweka mipaka ya sukari na kumlazimisha kila mkulima kutangaza kiasi cha mavuno yake. Naitaja habari hii ya Languedoc kwa sababu sheria ile ndiyo iliyoifungulia njia divai rahisi ipate nasaba: serikali ilipotaka kujua mkulima fulani amevuna kiasi gani msimu huu, mavuno ya maskini nayo yaliandikwa katika daftari lenye tarehe.

Bordeaux nako tabaka ya kati ilikuwa ikitafuta jina. Tangu zama za Waingereza, wenyeji wa mji waliopewa haki za uraia, ambao Wafaransa huwaita bourgeois, walikuwa na ruhusa ya kuingiza divai ya mashamba yao mjini bila ushuru, na mashamba yao yakaitwa kwa jina hilo. Na mwaka 1932, katikati ya dhiki kuu ya biashara ulimwenguni, mabaraza ya mkoa yaliyaandika mashamba 444 ya Médoc kuwa cru bourgeois, chini ya yale ya 1855. Miaka mitatu baadaye, kwa amri ya tarehe 30 Julai 1935 ambayo Joseph Capus, seneta wa Gironde, aliipigania kwa muda mrefu, Ufaransa ilianzisha halmashauri ya kusimamia majina ya mahali pa divai. Mkulima wa kadiri sasa alikuwa na mahali panapolindwa na sheria. Alichokosa ni ujuzi wa kuitengeneza divai isiyomwaibisha kila mvua inaponyesha, na chupa ya kuitia mwenyewe badala ya kuiuza kwa pipa.

Ujuzi huo ulikuja baada ya Vita Kuu ya Pili, hususan kwa mkono wa Émile Peynaud, mwalimu katika chuo cha Bordeaux, aliyepita mashamba kwa mashamba akiwafundisha watu mambo ambayo leo yaonekana mepesi: wasichume mpaka zabibu ziive, wazitupe zilizooza, wasafishe mapipa yao, waangalie joto la birika wakati divai inapoumuka, na wausimamie uchachu wa pili, ule unaolainisha ukali wa divai changa, badala ya kuuacha uje upendapo. Kabla yake, mwaka mbaya katika shamba dogo ulikuwa na maana ya divai isiyonyweka. Baada yake, ulikuwa na maana ya divai nyepesi. Sijui mtu mwingine wa karne ya 20 aliyemfaa mnunuzi wa kadiri kuliko huyu.

Na sasa niseme jinsi mwaka unavyofanya kazi. Mizabibu ya Ulaya huzaa mara moja kwa mwaka, tofauti na ya Dodoma, ambako jua la nchi yetu humwezesha mkulima kuvuna mara mbili. Basi mkulima wa Bordeaux akikosa, amekosa mpaka mwaka ujao. Mwezi wa Aprili macho ya mizabibu yamefumbuka, na usiku mmoja wa jalidi waweza kuyaunguza yote. Mwezi wa Juni huja maua, na mvua ya baridi ikiyakuta huyapukutisha. Agosti ni ya jua, na Septemba ndiyo hukumu, kwani mvua ikinyesha wakati huo zabibu hujaa maji na kuvu huzishika. Na kwa kuwa zabibu ya aina ya Merlot huiva mapema na Cabernet Sauvignon huchelewa, mwaka mmoja waweza kuwafaa watu wa ukingo wa kulia wa mto, wenye udongo wa mfinyanzi na Merlot nyingi, ukawadhuru wa Médoc kwenye changarawe na Cabernet, au kinyume chake. Jalidi ya Februari 1956 iliua mizabibu yenyewe mpaka mizizini, na pande za Saint-Émilion na Pomerol, kwenye ukingo huo wa kulia, ndizo zilizopata msiba mkubwa.

Katika misukosuko hiyo yote shamba kubwa lina makimbilio. Lina changarawe inayonyonya mvua upesi. Lina mali ya kuajiri watu wa kuchambua zabibu punje kwa punje. Na divai isiyoridhisha huishusha ikaitwa kwa jina la pili. Watu wa Médoc husema kwamba mizabibu mizuri ni ile inayouona mto, nao hawasemi mashairi, kwa sababu maji mapana ya Gironde hupunguza baridi, na usiku wa jalidi wa mwisho wa Aprili 2017 mashamba mengi mashuhuri yaliyo kando ya maji yaliokoka, huku ya ndani yakiungua. Mwenye shamba dogo la bondeni hana hata kimoja katika hivyo; kila anachokivuna hukitia katika pipa, kwa kuwa anadaiwa. Ndiyo maana nasema mwaka una uzito mkubwa zaidi juu ya divai rahisi: baina ya divai ya Latour, shamba la daraja ya kwanza, ya mwaka mwema na ile ya mwaka dhaifu ipo tofauti ya fahari, bali baina ya miaka miwili ya divai ya Blaye au ya Bourg huenda ikawapo tofauti ya kunyweka na kutonyweka.

Lakini sifa ya mwaka hutungwa na mashamba makubwa, na huku ndiko mnunuzi wa kadiri anakopotea. Ule wa 1961 unatukuzwa na wote. Mavuno yake yalikuwa machache mno, na uchache ule ulioikoleza divai ndio ulioipandisha bei mbali na mkono wa mtu wa kawaida. Kwangu mimi 1982 ulimfaa zaidi, kwa maana wingi na wema vilikutana, na hata mashamba yasiyo na jina yalitoa divai laini, iliyojaa, yenye kupendeza ingali changa. Na baadhi ya waonjaji waliitilia shaka kwa sababu hiyo hiyo, wakidhani kitu kinachopendeza mapema hakidumu, ilhali Mmarekani Robert Parker aliyeisifu akapata umashuhuri kwayo. Kinyume chake ni 1972, ambapo zabibu hazikuiva na bei zilipanda vivi hivi, kwa pupa ya wafanyabiashara, hata soko zima likaanguka katika miaka iliyofuata. Mwaka 2000 ulipandishwa bei kwa uzuri wake na pia kwa duara ya tarakimu zake. 2001, uliofuata, ukafunikwa na kivuli chake, na walioununua kwa nafuu hawakujuta. Wa 2003 ulikuwa na joto kali la Agosti lililozibabua zabibu za udongo mwepesi, lakini Saint-Estèphe, ambako chini ya changarawe upo mfinyanzi unaoshika maji, zilistahimili. Basi huwezi kuusifu mwaka wala kuulaumu bila kuuliza ni wa wapi.

Miongoni mwa miaka ya karibu, 2009 na 2010 hutajwa pamoja kama mapacha, nami nadhani kwa divai ndogo si mapacha hata kidogo, kwa kuwa ule wa kwanza ulikuwa laini na wa pili ulikuwa na ukakasi na ukali unaodai subira ambayo chupa rahisi haifai kudaiwa. Wa 2013 ulianza kwa majira ya baridi na mvua, maua yakapukutika, kisha uozo ukaja, na mtu asiyekuwa na mali ya kuchambua hakuweza kujisaidia. Wa 2014 ulielekea huko huko mpaka Septemba ilipokuja kavu na yenye jua, ikaiivisha Cabernet ya kaskazini mwa Médoc. Na kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha kuukatia tamaa, bei zake zilikaa chini. Ikiwa ningeulizwa ni mwaka gani mtu mwenye fedha za kadiri autafute katika divai za bourgeois za Médoc, ningetaja huu kabla ya wenzake wenye sifa, na baada yake 2016, ambamo wingi na wema vilikutana tena.

Wenyewe wenye mashamba ya bourgeois waliwahi kuukiri uzito wa mwaka kwa njia ya ajabu. Orodha mpya waliyoitangaza mwaka 2003, yenye mashamba 247, ilishtakiwa na walioachwa nje, ikabatilishwa na mahakama mwaka 2007. Basi wakabuni utaratibu mwingine: tangu mavuno ya 2008 hadi ya 2017, daraja haikupewa shamba bali divai ya mwaka mmoja, ikaonjwa upya kila msimu na watu wasiojua ni ya nani, na shamba lililoingia mwaka huu liliweza kukosa mwakani. Hakuna utaratibu mwingine wa Bordeaux ulionipendeza kama huo, kwani ulimwambia mnunuzi kile hasa alichotaka kujua. Wenye mashamba walichoka nao. Mwaka 2020 wakarudia madaraja matatu ya kudumu miaka mitano mitano, yenye mashamba 249.

Hali ya hewa nayo imeanza kuyageuza mahesabu. Joto limezidi, mavuno huja mapema kuliko zamani, na ile miaka ya zabibu mbichi kama 1963, 1965 na 1968 imekuwa nadra, hata vilima vya mfinyanzi na chokaa vya Fronsac na vya Castillon, pale pale alipouawa Talbot, ambavyo zamani vilichelewa kuivisha, sasa hutoa divai nyingi nzuri kwa bei ya kadiri kuliko wakati wowote uliotangulia. Wanywaji lakini wamepungua, katika Ufaransa kwenyewe na hata katika China iliyokuwa tegemeo la wauzaji. Madalali bado huhesabu kwa tonneau, kipimo cha lita 900 ambacho ni mapipa manne, na katika miaka hii divai nyekundu ya daraja ya chini imeuzwa chini ya euro 1,000 kwa tonneau, fedha zisizomrudishia mkulima gharama zake. Mwaka 2023 ulianza mpango wa kuwalipa wakulima wa Gironde euro 6,000 kwa kila hekta watakayoing'oa. Na iliyong'olewa kwanza ni mizabibu ya mashamba yasiyo na jina, wakati mavuno ya 2022, ya jua kali na zabibu nzuri, yalipokuwa bado katika mapipa yakisifiwa na waonjaji wote.